Alichokijaza Karani

Kila mpenzi ana namna yake ya kuharibu mambo. Wapo wanaoharibu kwa wivu, wapo wanaoharibu kwa ulevi, na wapo wanaoharibu kwa kuimba. Karani wa dirisha la tatu aliharibu kwa wema na mwandiko mzuri, vitu viwili ambavyo shuleni hupewa zawadi.

Alifanya kazi katika ofisi ya usajili, jengo la ghorofa moja lenye foleni mbili: ya wenye haraka na ya waliokwisha kukata tamaa. Watu walilipenda dirisha lake. Ukifika umeishika fomu kama mtu aliyeshikishwa kinyonga, yeye aliivuta, akakuuliza maswali mawili, na kabla hujamaliza kujibu la pili alikuwa ameshaandika la tano. Wenzake waliwaambia watu warudi kesho. Yeye alimmaliza mtu kwa dakika nne. Mkuu wa ofisi, mzee aliyebandikwa jina la Bwana Mihuri kwa sababu hakwenda hata msalani bila mihuri yake, alizoea kusema kwamba binti huyu angeweza kumjazia fomu hata bubu. Alidhani anamsifu.

Mwaka huo fomu zilikuja na mstari mpya, wa saba, ulioandikwa "Jamii". Hadithi yake ni ndefu, tuifupishe. Wakubwa waligombana bungeni mwaka mzima juu ya nani mwenye nchi. Walipochoka wakapatana, na kama ilivyo kawaida ya wanaopatana, walimtafuta ambaye hakuwamo kwenye ugomvi wakamtwisha mzigo. Ikatoka orodha ya jamii tisa, kila moja na namba yake, kuanzia sifuri moja hadi sifuri tisa. Ambaye jamii yake haikuwamo aliandikwa tisini na tisa, yaani Wengineo. Hakuna aliyepigwa, hakuna aliyetukanwa. Mtu wa tisini na tisa alitakiwa tu alete, ndani ya siku tisini, ndugu watatu wa damu wenye namba hiyohiyo, wathibitishe kwamba yeye ni wa hapa. Asiyewaleta alipewa karatasi ya njano ya mkazi wa muda, na mkazi wa muda haruhusiwi kuwa na nyumba, hata ile aliyozaliwa ndani yake.

Fundi Miwani alikuwa mtu wa tisini na tisa. Watu wa kwao walikuwa wachache, wenye dini yao na nyumba yao moja ya ibada nyuma ya kiwanda cha matofali. Mbunge hawakuwa naye.

Karani alimjua miaka miwili nyuma, alipokuja kukata leseni ya karakana. Alikuwa ameinamia fomu yake, Fundi akasema kupitia kitundu cha dirisha, kwa upole wa daktari, "Dada, unasoma kwa pua." Karani alikasirika siku tatu. Siku ya nne alikwenda kupimwa macho, na tangu hapo mambo yakawa kama mnavyojua mambo yanavyokuwa.

Sasa, wiki tatu kabla ya siku tunayoisimulia, Fundi alileta fomu yake ya kadi mpya. Alikuwa ameijaza yote isipokuwa mstari wa saba. Akasema hilo angependa kwanza aliongee nyumbani, atarudi mchana. Lakini gunia la fomu lingeondoka saa tano kwenda makao makuu, foleni ilikuwa imefika hadi barabarani, na Karani alikuwa anampenda. Akaandika sifuri moja, jamii yake mwenyewe, iliyokuwa kubwa kuliko zote. Aliiandika vizuri sana. Fundi aliporudi mchana akaambiwa fomu imeshakwenda, hakuuliza zaidi. Alidhani imekwenda na tisini na tisa, kama za watu wengine wa kwao.

Jumatano saa sita na nusu Karani alitoka ofisini akiwa na kadi hiyo mkobani na furaha ya watu wawili kifuani. Karakana ilikuwa chumba kimoja cha mbele, na nyuma yake ndiko Fundi alikoishi na mama yake. Palikuwa na meza ndefu yenye jiwe la kusagia vioo, maji ya kupozea yakidondoka kutoka kwenye kopo lililotobolewa, na ukutani bango la herufi zinazoanza kubwa kama mlango na kuishia ndogo kama chawa. Mama alikuwa amekaa karibu na mlango akishona mifuko ya miwani. Karani alimwamkia, Mama akaitika marahaba bila kuinua macho. Si kwamba alimchukia. Alikuwa anasubiri aone ni mtu wa namna gani, na kwa miaka miwili hakuwa na haraka.

Fundi alisimamisha jiwe, akajifuta mikono kwa aproni. Wakatazamana. Hapa ingefaa kusema kwamba dunia ilisimama, ila ukweli ni kwamba kopo liliendelea kudondosha maji na Mama akakohoa.

"Leo umekuja na uso wa mtu aliyeiba," alisema Fundi.

"Nimekuja na habari mbili. Ya kwanza, Baba amekubali."

Mama aliacha kushona. Baba yake Karani alikuwa mwalimu mkuu mstaafu wa shule ya bweni, na kwa miaka miwili jina la Fundi lilikuwa halitajwi mezani kwake, kama vile wanafunzi wasivyotaja chakula cha shule mbele ya wageni. Hakuwa na neno baya juu ya kijana mwenyewe. Alikuwa akisema tu: binti yangu simwozeshi kwa watu ambao serikali inawaulizia.

"Amekubali vipi?" aliuliza Fundi.

"Amekubali tu. Mje Jumamosi, wewe na wazee wenu."

"Mwalimu hakubali tu. Mwalimu hata mvua ikinyesha huiuliza ina kibali cha nani."

Karani alicheka. Akatoa kadi akamwekea kiganjani, na vidole vyao vikakaa pamoja muda mrefu kidogo kuliko unaohitajika kupokea kadi. "Habari ya pili ndiyo iliyozaa ya kwanza. Jana nilimwonyesha Baba hii," alisema.

Fundi aliitazama picha yake, akasema ametoka kama mtu anayetafutwa kwa wizi wa kuku. Kisha akaigeuza. Nyuma ya kadi zile kulikuwa na maandishi madogo na namba, na raia wengi wangeweza kuishi nazo miaka kumi bila kuzisoma. Ila huyu alikuwa mtu ambaye riziki yake ni kuwaambia watu wasome mstari wa mwisho.

"Sifuri moja," alisema.

Karani alitikisa kichwa kukubali. Bado alikuwa anatabasamu.

"Sifuri moja ni nyinyi."

"Ni sisi," alisema Karani. "Sasa ni sisi sote."

Fundi aliiweka kadi mezani polepole, kama kioo chembamba. Alipoanza kusema hakupandisha sauti, na hilo ndilo lililomtisha Karani. Alimkumbusha siku ile dirishani: Karani alimwuliza urefu wake mara mbili ingawa alikuwa ameshauandika, alimwuliza kama kovu la kidevuni ni la utotoni, alimwuliza hata kama herufi ya mwisho ya jina la babu yake ni moja au mbili.

"Yote uliniuliza," alisema. "Hilo moja hukuniuliza."

Karani alijieleza. Gunia lilikuwa linaondoka, foleni ilikuwa ndefu. Alipoona hayo hayatoshi, akasema lililo kweli. "Ningekuuliza ungesema tisini na tisa. Leseni yako ingeisha mwezi ujao wasikupe nyingine. Wangapi wa kwenu wameandika sifuri moja? Muuza vitambaa ameandika. Yule daktari wa meno ameandika, nilimjazia mimi mwenyewe."

"Alikuambia uandike?"

"Aliniambia."

"Basi ameandika yeye, na mimi simsemi, kila mtu na mzigo wake. Mimi nimeandikwa."

"Nilikuwa nakupa zawadi."

"Najua. Ndiyo maana sijui nikurudishie vipi."

Mama alinyoosha mkono akaomba aione hiyo kadi. Aliishika akaigeuzageuza, ingawa maandishi yale hakuweza kuyasoma bila miwani yake. Kisha akainuka, akaingia ndani, akarudi na bahasha. Ndani yake kulikuwa na waraka ambao Karani aliujua kwa moyo, maana kila siku aliwasomea watu sitini kupitia kitundu cha dirisha: ndugu watatu wa damu, namba hiyohiyo, siku tisini. Siku ya tisini iliyopigwa mhuri kwenye waraka wa Mama ilikuwa Ijumaa.

"Dada yangu ni wa kwanza," alisema Mama. "Kaka yangu ni wa pili. Huyu ndiye wa tatu."

Karani alikifahamu kifungu hicho vizuri kuliko waliokitunga, lakini hakuwahi kukiona kikiwa na bahasha mkononi na uzi begani.

"Ndugu wengine hawapo, Mama?"

"Wapo. Wamelala nyuma ya nyumba ya ibada. Hao mnawapokea?"

Karani alisema hawawapokei.

Mama alirudi kukaa. Akachukua mfuko aliokuwa akiushona, akautafuta ulipoishia uzi. "Huyu nilimpata kwa uchungu wa siku mbili," alisema. "Wewe kuniondolea ulitumia muda gani?"

"Dakika nne, Mama," alisema Karani. Kudanganya kulikuwa kumemshinda.

Fundi aliuliza kama kadi inaweza kurekebishwa. Karani alisema inaweza, ila ikirekebishwa, Jumamosi haitakuwapo. Baba aliikubali sifuri moja. Tisini na tisa hatampokea.

"Najua," alisema Fundi. Macho yake yalimkaa usoni, na Karani aliona ndani yake mapenzi yaleyale ya jana, hayajapungua hata kidogo. Afadhali yangekuwa yamepungua. "Jumamosi hiyo nimeisubiri miaka miwili, Karani. Lakini nimeuliza kama inaweza."

"Inaweza."

Akageuka, akaliwasha jiwe lake.

Nyumbani kwa kina Karani maisha yalikwenda kwa ratiba. Baba alikuwa amestaafu kazi lakini hakustaafu kengele: chai saa kumi, magazeti saa kumi na moja, chakula saa moja kamili, na aliyechelewa alikula akiwa amesimama, hata kama ni shangazi. Jioni hiyo Karani alimkuta mezani na rula, anachora ramani ya wageni wa Jumamosi: nani akae wapi, nani asikae karibu na nani, nafasi ya viti viwili kati ya wajomba wanaopenda kubishana. Ilifanana na chumba cha mtihani. Alikuwa na furaha, na furaha ya Baba ilionekana kwa mistari iliyonyooka.

Karani alibaki amesimama. Akamweleza yote bila kuficha kitu: fomu, gunia, mstari wa saba, mama wa watu, Ijumaa.

Baba aliweka rula chini. "Kadi ya serikali ikishatoka ni ya kweli, mama," alisema. "Hata iwe na picha ya mbuzi."

"Niliiandika mimi, Baba. Serikali haijui."

"Basi usiiambie."

"Mama yake atapewa njano."

"Njano ni karatasi."

"Na nyumba?"

Baba alikuwa mtu wa haki katika mambo madogo, na kwa muda alionekana akitafuta jinsi ya kulifanya hili kuwa dogo. Alishindwa. Alipoanza kusema alikuwa anaitazama ramani ya viti, si binti yake.

Kabla hajazaliwa Karani, alisema, uliletwa waraka shuleni. Ulitaka walimu wakuu waorodheshe wanafunzi ambao jamii zao hazijulikani vizuri. Haukusema orodha ni ya nini. Ulikuwa waraka wa adabu kabisa, wenye tafadhali mbili. Yeye aliwaandika kumi na tisa.

"Kwa mwandiko huu niliokufundisha," alisema. "Na nikawapanga kwa alfabeti. Hakuna aliyeniomba niwapange."

"Wakafanywa nini?"

"Hawakufanywa kitu. Muhula uliofuata hawakupewa nafasi, basi. Tukabaki na vitanda kumi na tisa bwenini, magodoro yamekunjwa. Nilikuwa nikipita kukagua usafi, navikuta visafi kuliko vyote." Akaisogeza rula ilingane na ukingo wa meza. "Siku hiyo niliapa kwamba mtu wangu hataingia kwenye orodha yoyote, ya wema wala ya ubaya. Ndiyo sababu nilimkataa yule kijana. Ndiyo sababu jana nilimkubali."

"Kwa hiyo huwachukii watu wao."

"Ningewachukia ningelala vizuri."

Karani alivuta kiti, akakaa, ingawa kwenye ramani kiti hicho kilikuwa cha mjomba mkubwa. "Wale kumi na tisa, Baba, uliwauliza kabla hujawaandika?"

"Sikuwauliza."

"Mimi pia sikumwuliza."

Walitazamana, baba na mwana, wenye pua moja na kosa moja. Mtu mwingine angelia. Katika nyumba ile watu walilia likizo tu.

"Kesho nitakwenda kurekebisha," alisema Karani.

"Ukirekebisha, Jumamosi sipokei mtu," alisema Baba. "Sisemi kwa hasira. Naogopa, mama. Nikikwambia nitawapokea nitakuwa nakudanganya, na wewe sijawahi kukudanganya."

"Najua, Baba."

Akaikunja ile ramani mara mbili, kingo kwa kingo. Saa moja ikafika, wakala, kwa sababu ilikuwa saa moja.

Alhamisi asubuhi Bwana Mihuri alimsikiliza akiwa amefumba macho. Alipoyafumbua alichungulia nje kwanza kuhakikisha hakuna mtu, akafunga mlango, akatoa kwenye droo fomu ya marekebisho. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na miaka miwili tu kabla ya kustaafu na alitaka kuimaliza bila kusikika.

Fomu ilikuwa na visanduku vitatu vya sababu ya kosa. Cha kwanza kilisema kosa la mashine. Cha pili, kosa la mwombaji. Cha tatu, kosa la ofisa.

"Mashine," alisema Bwana Mihuri, akigonga kisanduku cha kwanza kwa kucha. "Mashine haina mke wala watoto."

"Ya mashine huenda makao makuu, Mkuu. Huchukua wiki sita."

"Ndiyo."

"Mama yake mwisho wake ni kesho."

Bwana Mihuri alikuna kidevu. Cha pili hakukitaja hata yeye: mwombaji aliyeandika jamii isiyo yake alipelekwa mahakamani. Kikabaki cha tatu, ambacho hupigwa mhuri hapohapo na mkuu wa ofisi, siku hiyohiyo, kwa sharti kwamba ofisa aliyekosea anapewa barua na kuondolewa dirishani.

"Utakwenda stoo ya mafaili," alisema. "Stoo haina dirisha hata moja. Ina mende."

"Mende hawana mstari wa saba, Mkuu."

"Usinifanye nicheke, hapa nalia." Akapunguza sauti. "Na huyu kijana, nasikia mna mipango. Ukiolewa naye unajua mke anafuata namba ya mume. Watakuandika tisini na tisa na wewe, na mtumishi wa tisini na tisa hapandishwi cheo. Nakwambia kama baba."

"Baba ameshaniambia," alisema Karani. "Kifungu hicho nimewasomea wanawake wengi. Wengine waliniuliza mimi ningefanya nini. Nilikuwa nawaambia: 'Anayefuata!'"

Akaweka tiki kwenye kisanduku cha tatu.

Utaratibu ulitaka mwenye kadi awepo mwenyewe na mstari unaorekebishwa usomwe kwa sauti. Fundi alikuwa nje tangu saa mbili, kwenye foleni kama watu wengine, ingawa angeweza kuitwa. Aliingia akakaa. Alikuwa amevaa shati la Jumamosi. Karani alilitambua kwa sababu alilichagua yeye, kwa ajili ya siku ya kwenda kwa Baba, na Fundi alipomwona analitazama akashusha macho kwenye vifungo.

Karani alishika kalamu. "Mstari wa saba," alisema kwa sauti ya kazi. "Jamii?"

Mkono wake ulikuwa umezoea kutangulia. Ulivutika pale juu ya karatasi kama mbwa aliyefungwa anayeona paka. Aliuzuia. Fundi alichukua muda wake. Nje mtu alikuwa anabishana na mlinzi juu ya nafasi yake, na hata huyo alimaliza kubishana, na Fundi alikuwa bado anafikiri. Kisha akalitaja jina la watu wake, lote, kama wanavyolitaja wao wenyewe kwenye nyumba yao ya ibada.

Katika miaka miwili ya mapenzi Karani hakuwa amewahi kulisikia likitamkwa hivyo. Hakuwa ameuliza.

"Jina hilo halina nafasi," alisema Bwana Mihuri, bila ukali. "Andika namba."

Karani aliandika tisini na tisa. Kisha pembeni, mahali ambapo fomu haisemi kitu, akaandika lile jina kwa herufi ndogo, akimwuliza Fundi silabi moja baada ya nyingine kama amepatia. Bwana Mihuri aliona. Alifungua kasha la wino, akachagua mhuri kwa muda mrefu kuliko kawaida, akaugonga chini kabisa, mbali na yale maandishi, usiyafunike.

Fundi akasaini. Karani akasaini chini yake. Kwa wanaopenda mambo ya kimapenzi, hiyo ndiyo siku majina yao yalikaa kwenye karatasi moja kwa mara ya kwanza, na karatasi yenyewe ilikuwa ya kosa.

Ijumaa saa nne Mama alileta ndugu zake watatu wa damu: dada anayetembelea mkongojo, kaka asiyesikia vizuri, na mwana. Walihudumiwa dirisha la kwanza, maana la tatu lilikuwa limefungwa. Mama alitoka na karatasi yake, nyeupe, si ya njano, akaikunja akaitia kifuani, akapita mbele ya Karani aliyekuwa amebeba mafaili kuyapeleka stoo. Alisimama. Alimtazama kuanzia viatu hadi nywele zenye vumbi, kwa mara ya kwanza tangu wajuane, halafu akaenda zake.

Mchana Fundi alimkuta Karani kwenye ngazi za nyuma, anapunga hewa. Alikaa ngazi moja chini yake. Kwa muda walitazama ukuta wa jengo la pili, ambao hauna chochote cha kutazama.

"Sijakusamehe," alisema Fundi.

"Najua."

"Nasema wazi, usije ukanijazia."

"Sijajaza kitu," alisema Karani. Alitamani kumshika bega, lililokuwa karibu kabisa na goti lake. Hakulishika. "Baba kesho hapokei mtu."

"Nilitegemea." Fundi aliokota kijiti, akakivunja. "Na wewe? Una mpango gani na mtu wa tisini na tisa?"

"Nina mpango wa kumsubiri aseme mwenyewe. Stooni sina foleni."

Fundi alicheka kidogo, bila kutaka, akakificha kicheko chake kwa kukohoa kama mama yake. Kisha akainuka akajipangusa suruali. Alishuka ngazi mbili, akageuka.

"Mama anasema uje kula Jumapili."

Karani aliinuka upesi. "Amenisamehe?"

"Hapana," alisema Fundi. "Anasema hata asiyesamehewa ana tumbo."